Unataka kufufua Subaru Impreza WRX ya zamani nyumbani? Anza na injini, rangi itangoja

Ukiona Subaru Impreza ya umbo la kwanza kwenye barabara za Kenya, unaangalia gari ambalo haliwezi kuagizwa tena. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Impreza hizi zilianza kutoka kiwandani Japani mwishoni mwa 1992, na umbo hilo likaachwa mwaka 2000. Piga hesabu: mlango ulifungwa karibu 2008. Zilizobaki nchini ndizo hizo hizo. Zinapita mkono hadi mkono, na kila mara moja inaishia kwa wauza spea, vipande vipande.

Ndiyo maana kuna vijana wanaonunua WRX iliyokufa injini, wanaivuta kwa kamba hadi nyuma ya nyumba na kuanza kuifufua polepole, mshahara kwa mshahara. Wengine wanafika mwisho. Wengine wanabaki na gari juu ya mawe, injini ndani ya makatoni na mkopo wa sacco ambao bado unakatwa kila mwezi. Ukiwauliza walioshindwa, mara nyingi utagundua walianza na rangi, rimu na ekzosi. Injini ikaja mwisho, na pesa zikawa zimeisha.

Kwa nini hasa Subaru?

Jibu fupi ni Safari Rally. Colin McRae aliishinda mwaka 1997 akiwa kwenye Impreza, na Richard Burns akairudia kazi hiyo kwa Impreza mwaka 2000. Kabla ya hapo kulikuwa na kisa cha 1993, ambapo Subaru ilileta Vivio, kigari cha injini ya cc 660. McRae hakufika nacho mwisho. Mkenya Patrick Njiru alifika. Watu wa rika la wazazi wetu bado wanakisimulia kama cha juzi.

Halafu kuna ule mngurumo. Wengi hudhani unatokana na injini peke yake. Sehemu kubwa inatoka kwenye mabomba ya ekzosi, kwa sababu yale ya upande mmoja ni marefu kuliko ya upande mwingine, kwa hiyo milipuko ya silinda haifiki kwenye turbo kwa mpangilio sawa. Ukifunga mabomba yenye urefu sawa, unaweza kupata faida kidogo ya nguvu, lakini sauti inageuka ya kawaida. Kuna watu wamelipia mabomba hayo kwa bei ghali, kisha wakatafuta ya zamani wayarudishe.

Kabla hujatoa pesa

Angalia namba ya chesisi kwanza. Sedan ya lita 2.0 inaanza na GC8. Ikianza na GC1, hiyo ni ya lita 1.5, hata kama boneti ina tundu kubwa la hewa na nyuma kuna bawa la kutisha. Boneti hununuliwa, na bawa pia. Fungua boneti ujionee mwenyewe kama kuna turbo, na intakula imelala juu ya injini chini ya lile tundu. Kisha linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zilizoandikwa kwenye logibuku. Zisipolingana, ondoka hapo kwanza, maswali yafuate baadaye.

Kama gari bado linawaka, usikubali tu kusikiliza. Pima mgandamizo wa silinda. Injini ikiwa na joto, toa plagi zote nne, zima mafuta na umeme wa plagi, funga geji kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi chini, kisha zungusha starta mara kadhaa. Andika namba ya kila silinda. Unachotafuta ni usawa. Tatu zikikaribiana na moja ikawa chini kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, silinda hiyo ina neno.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi waliozoea Toyota hulikosa. Kwenye injini ya kawaida, fundi humimina oili kidogo ndani ya silinda dhaifu na kupima tena. Namba ikipanda, anasema ringi zimeisha. Kwenye Subaru pistoni zimelala ubavu. Ile oili inatuama upande wa chini wa silinda na haizunguki ringi yote, kwa hiyo jibu unalopata si la kuaminika. Bora kipimo cha kupuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, valvu zikiwa zimefunga, kisha uweke sikio. Hewa ikitoka kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au pistoni. Ikitoka kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Maji ya radieta yakitoa mapovu, gasketi ya silinda hedi inavuja. Kipimo hiki kinachukua nusu saa na kinaweza kukuokolea mshahara wa miezi kadhaa, kwa sababu muuzaji akikuambia "ni gasketi tu, mkubwa", utakuwa na jibu.

Injini hii hufa vipi

Injini ya WRX inaitwa EJ20. Ni ya cc 1,994, yenye pistoni mbili kulia na mbili kushoto, zikirushiana ngumi kama mabondia. Ndiyo maana aina hii ya injini huitwa boksa. WRX ya kwanza ilitoka na nguvu za farasi 240. Baadhi ya zilizofuata Japani ziliandikwa 280, na hiyo 280 haikuwa bahati: watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze namba kubwa kuliko hiyo.

Kifo cha kwanza, na ndicho kinacholiza wengi, ni beringi za konrodi. Konrodi ni ile fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti. Kati yake na krankshafti kuna vipande viwili vyembamba vya beringi, na kati ya beringi na chuma kuna utando wa oili tu. Oili ikipungua, ikichakaa, au ikikimbilia upande mmoja gari likipiga kona ndefu kwa kasi, utando ule unakatika. Chuma kinakutana na chuma. Unasikia tok, tok, tok inayofuata mwendo wa injini, na mara nyingi inazidi injini ikipata joto.

Ukisikia hivyo, zima gari. Usiliendeshe "mpaka kwa fundi tu". Kila kilomita inasukuma unga wa chuma ndani ya njia za oili hadi kwenye turbo, kwenye kamshafti na ndani ya kipozaoili. Mwaga oili kwenye beseni safi na uiangalie juani. Ikimeta kama rangi ya kucha, beringi zimekwisha.

Kifo cha pili kinahusu mafuta ya gari. Injini hizi ziliwekewa mipangilio ya Japani, ambako petroli ya hali ya juu huwa na oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya huku iko chini ya hapo. Oktani ikiwa chini na turbo ikasukuma hewa nyingi, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pigo hilo linavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Gari linaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Na oili ikipungua, unarudi kwenye kile kifo cha kwanza. Kwa hiyo nunua petroli yenye oktani ya juu zaidi unayoweza kupata, na usimruhusu mtu aongeze msukumo wa turbo bila kupanga upya kompyuta ya injini.

Kuna pia sensa ndogo inayopima hewa inayoingia. Kwenye Impreza za miaka ya mwanzo sensa hii ina sifa mbaya. Ikidanganya kompyuta kwamba hewa ni kidogo, kompyuta inapunguza petroli, silinda zinapata joto kupita kiasi, na pistoni inaumia. Watu wamejenga injini nzima upya, wakairudishia sensa ile ile ya zamani, na baada ya muda mfupi wakarudi pale pale.

Mkanda wa taimingi nao usiuonee huruma. Ukikatika, pistoni zinakutana na valvu na kuzipinda. Huo huo mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukiubadilisha, badilisha pampu, kitaitishi na roli zake zote kwa mara moja. Kubadilisha mkanda peke yake ili kuokoa pesa ni kama kununua kiatu cha mguu mmoja.

Kuitoa na kuifungua

Kwa EJ20 ni rahisi zaidi kuitoa injini nje kuliko kuhangaika ndani ya gari, kwa sababu silinda hedi ziko pembeni kabisa, karibu na kuta za boneti. Hata plagi zenyewe ni shida kuzifikia. Unahitaji winchi ya kunyanyulia injini, ambayo gereji nyingi zinaweza kukukodishia kwa siku, jeki nzuri na stendi za chuma.

Kuhusu stendi, sina utani. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na matofali ya ujenzi si stendi. Yanapasuka ghafla bila onyo. Toa waya wa betri kabla ya kugusa mabomba ya petroli, na usiruhusu mtu avute sigara karibu, hata awe shemeji aliyekuja kuangalia.

Piga picha ya kila bomba na kila plagi ya waya kabla hujaichomoa. Simu yako ndiyo kitabu chako cha mwongozo. Bolti za kila sehemu ziweke kwenye kopo lake na uandike kwa kalamu ya rangi zilikotoka. Makopo ya majarini yanafanya kazi hii vizuri.

Sasa kuna mtego ambao umewashinda wengi. Bloku ya EJ20 imegawanyika katikati, nusu kulia na nusu kushoto, na krankshafti imebanwa kati. Mtu akishatoa bolti zote huanza kupigapiga ili ifunguke, na haifunguki, kwa sababu pistoni bado zimeshikwa na konrodi pande zote mbili. Mbele na nyuma ya bloku kuna vifuniko vidogo vya kufungua. Kupitia matundu hayo unatoa pini za pistoni moja moja, huku ukizungusha krankshafti hadi kila pini ilingane na tundu lake. Pini zikitoka, bloku inaachana. Fundi ambaye hajui jambo hili hajawahi kufungua Subaru, na si vibaya kumuuliza kabla hujamwachia mzigo.

Ikishafunguka, kazi ya nyumbani inasimama kwa muda. Bloku, krankshafti na hedi zinaenda kwa watu wenye mashine. Nairobi utawapata Industrial Area, na spea utazitafuta Kirinyaga Road. Dar es Salaam watu huanzia Kariakoo na Gerezani. Omba hedi zipimwe kama zimepinda na zisawazishwe, valvu zisagwe, na silinda zipimwe uduara wake. Omba upewe vipimo kwa maandishi. Ukiambiwa tu "iko sawa", hujapewa kipimo.

Je, si rahisi kununua injini nzima iliyotoka Japani? Inawezekana, na kwa mtu mwenye haraka inaeleweka. Lakini injini hiyo imelala kwenye kontena, hujui ilikimbizwa vipi, na namba yake si ile iliyo kwenye logibuku yako. Mimi ningeipima hewa kama nilivyoeleza, ningebadilisha mkanda na sili zote kabla ya kuifunga, na ningeiona kama karata, si kama injini mpya.

Vumbi ndilo adui

Kufunga injini nyumbani kunawezekana. Kufunga injini uani, upepo ukipiga na kuku wakichakura, hakuwezekani. Chembe moja ya mchanga kwenye beringi mpya inatosha kuichora. Tafuta chumba chenye mlango, mwaga maji sakafuni kabla ya kuanza, funika kazi kwa shuka safi kila unapopumzika, na safisha njia zote za oili kwa petroli na hewa ya kompresa hadi kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe. Kipozaoili cha injini iliyokufa kwa beringi usikisafishe. Kitupe. Unga wa chuma hujificha ndani na utatoka siku ambayo hukuutarajia.

Nafasi ya oili kati ya beringi na krankshafti ni sehemu chache tu za mia za milimita. Huwezi kuipima kwa jicho. Kuna kiuzi chembamba cha plastiki kinachouzwa kwa kazi hii: unakiweka juu ya chuma, unafunga beringi kwa nguvu inayotakiwa bila kuzungusha kitu, unafungua, kisha unapima upana wa kile kiuzi kilivyobanwa. Ni cha bei ndogo, na ndicho kinachoamua kama injini itaishi.

Bolti hufungwa kwa spana inayopima nguvu, kwa mpangilio ulio kwenye kitabu cha kiwandani cha injini yako. Yule fundi anayesema mkono wake unajua huenda ni kweli unajua, lakini mkono huo haukuwahi kuandikwa na Subaru.

Kuiwasha

Usigeuze ufunguo na kuondoka. Zima umeme wa plagi na petroli kwanza, kisha zungusha injini kwa starta mara kadhaa fupi fupi, hadi taa ya oili izime au geji ionyeshe kuna msukumo. Hapo oili imefika kwenye beringi na kwenye turbo. Ndipo unarudisha umeme na kuiwasha. Angalia uvujaji, sikiliza, na toa hewa yote kwenye mfumo wa maji, kwa sababu Subaru hupenda kuficha povu la hewa na kuchemka ghafla.

Kilomita elfu moja za kwanza ni za upole: usikanyage hadi mwisho, usikimbie mwendo mmoja kwa saa nzima, na badilisha oili mapema. Angalia kijiti cha oili kila unapojaza mafuta. Kila mara.

Gia boksi, tairi na kutu

Gia boksi ya spidi tano ya magari haya ni dhaifu kuliko injini yake. Gia ya tatu ndiyo huvunjika meno, hasa kwa wale wanaoachia klachi ghafla taa zikiwa kijani ili kuwaonyesha watu. Injini mpya haitaiokoa.

Tairi zote nne zinapaswa kuwa saizi moja na zimechakaa kwa kiasi kinachokaribiana. Gari linavuta kwa magurudumu yote, kwa hiyo tairi moja mpya kati ya tatu zilizoisha inalazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika, na inaungua. Soma pia umri wa tairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na iwe kuukuu.

Kutu huanzia kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, mahali bati mbili zinapokutana na kushika matope. Kwa gari lililoishi Mombasa au Tanga, inua kapeti na uangalie pia pale shokabu za nyuma zinapofungwa kwenye bodi. Hapo kutu si suala la urembo, maana ndipo panapobeba gari. Kata hadi chuma kinachong'aa, chomelea bati mpya, ziba maungio, nyunyizia nta kwa ndani. Puti ni ya kusawazisha tu. Ukigonga tao na likatoa sauti ya ukuta, chini yake kuna puti ya unene wa kidole, na wakati mwingine gazeti.

Karatasi na bima

Ukibadilisha injini au rangi, mabadiliko hayo yanatakiwa kuandikishwa NTSA ili logibuku ilingane na gari. Weka risiti zote. Polisi akisimamisha WRX usiku, na hilo hutokea bana, namba ya injini isiyolingana na karatasi inakugeuza mshukiwa.

Bima ni suala gumu zaidi. Kampuni nyingi hazipendi kutoa bima kubwa kwa gari lenye umri huu, kwa hiyo watu wengi hubaki na ile ya kulipa hasara ya mtu mwingine. Maana yake likiibwa au likipinduka, kila shilingi uliyoweka kwenye bloku, hedi na turbo imekwenda. Uliza kampuni kadhaa kabla hujaanza kazi, ukiwa na picha na risiti, kama kuna itakayokubali thamani mtakayoafikiana. Na kama jibu ni hapana kote, funga swichi ya siri ya pampu ya petroli wakati injini bado iko nje na waya zote ziko wazi, kwa sababu baadaye itakubidi ufungue dashibodi nzima.